Sakafu Kwanza, Wavu Baadaye: Banda la Kuku Gisenyi

Kabla ya kuwafungulia kuku alfajiri, ingiza kichwa bandani uvute pumzi. Macho yakiwasha, hiyo ni amonia: kinyesi kimelowa, bakteria wanakiozesha, na kuku wamevuta hewa hiyo usiku kucha. Njia zao za hewa huchubuka, na maradhi ya kifua hupata mlango.

Anayejenga banda humfikiria kwanza mwizi, kisha kicheche. Mimi, kwa Gisenyi, naanza na unyevu. Mji huu wa Rwanda uko kando ya Ziwa Kivu, lililo mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Masika hushika kuanzia Machi hadi Mei, na mvua hurudi Septemba hadi Desemba. Usiku ukipoa, mfugaji huziba kila tundu kwa magunia. Huruma hiyo inawaumiza kuku, maana unyevu na amonia hubaki ndani. Kuku mkubwa aliye mkavu huistahimili baridi ya hapa. Vifaranga ndio wanaotaka kutiwa joto.

Hatari kubwa kwa hao wadogo ni kuhara damu. Ugonjwa huu huletwa na vijidudu vya Eimeria, ambavyo huzaliana ndani ya utumbo wa kuku. Vijiyai vyake vikitoka na kinyesi huwa bado haviambukizi. Vinahitaji hewa, joto na unyevu kwa siku moja au mbili ndipo vikomae, kisha kifaranga anavidonoa pamoja na chakula. Ukiondoa unyevu, vingi havikomai. Kwa hiyo chombo cha maji kinachovuja kinanitisha kuliko wavu uliotoboka.

Bahati nzuri, mawe meusi ya volkano hayaadimiki huku. Yapange chini kama msingi, sakafu iinuke kuliko ua, juu yake utandaze maranda makavu kina cha sentimita 10 hivi. Palipolowa, zoa siku hiyo hiyo. Paa litokeze nje vya kutosha kuzuia manyunyu. Kuta zizibwe chini, juu ziwe wavu, ili hewa ipite juu ya vichwa vya kuku waliolala kwenye fito. Ndani, kuku wanne kwa mita moja ya mraba wanatosha. Uani wape nafasi zaidi, na ukiweza gawa ua mara mbili, upande mmoja ukauke huku mwingine ukitumika. Wavu uzikwe ardhini sentimita 30 kwa ajili ya wachimbaji wa usiku.

Ugonjwa wa kideri ni habari nyingine. Virusi vyake havizuiwi na maranda; kinga yake ni chanjo, tena ya kurudiwa. Kuku wakianza kufa kwa mfululizo, usiwachinje upesi wala kuwakimbiza sokoni. Mwite daktari wa mifugo wa sekta yako, na unawe mikono kwa sabuni kila utokapo bandani.