Kabla ya kununua hema, tazama mishono

Ndugu msikilizaji, wiki hii nitazungumzia hema. Sina maana ya lile turubai kubwa linalokodishwa kwa ajili ya harusi na misiba, lililo wazi pande zote na viti vya plastiki chini yake. Hilo wakazi wa Mbeya na Iringa tunalijua vya kutosha. Nina maana ya hema la kulalia, baba, mama na watoto, usiku kucha, mbali na nyumba ya bati.

Zamani jambo hili lilionekana ni la watalii, la skauti na la wanajeshi. Siku hizi likizo ya Desemba ikifika, zipo familia za Uyole na Soweto, za Kihesa na Gangilonga, zinazofunga safari kwenda Kitulo, Matema au Ruaha, na zimekwishapiga hesabu kwamba kulala hemani ni nafuu kuliko kukodi vyumba viwili vya hoteli. Basi wanakwenda dukani. Muuzaji anawaonyesha boksi lenye picha: hema la buluu, jua linawaka, mtoto anacheka. Juu ya boksi imeandikwa kwamba hema ni la watu 4 na kwamba halipitishi maji. Fedha zinatolewa. Mimi nasema maneno hayo mawili yapokelewe kwa hadhari kubwa, hasa na mtu wa Nyanda za Juu Kusini.

Kwa nini mtu wa huku? Kwa sababu anayenunua hema Dar es Salaam anafikiria joto na mbu. Sisi tuna mambo mengine. Hebu tutazame Kitulo. Uwanda ule uko kiasi cha meta 2,600 juu ya usawa wa bahari, katikati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na wenyeji huuita Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua yake. Lakini maua hayo huchanua vizuri tangu Desemba hadi Aprili, yaani katikati ya msimu wetu wa mvua. Anayetaka kuyaona hana budi kulala mvuani. Akikwepa mvua akaenda Juni au Julai, atakuta ukavu, ila atakuta pia sakitu, nyasi zikiwa nyeupe asubuhi.

Sasa teremka hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mahali pasipofika meta 500. Kwa hesabu ya kawaida joto hupungua nyuzi 6 hivi kila mtu anapopanda meta 1,000. Kwa hiyo kati ya Matema na Kitulo, siku ileile moja, kuna tofauti ya nyuzi 12 au zaidi. Njiani umepita Tukuyu, ambako mvua ya mwaka mmoja huzidi milimita 2,000. Na ukielekea upande wa pili, Hifadhi ya Ruaha iko kilometa 130 hivi kutoka Iringa mjini, na huko tangu Juni hadi Oktoba ni jua na vumbi. Katikati ya safari yote hiyo iko Makambako, na upepo wa Makambako sina haja ya kumweleza mtu. Familia haiwezi kununua mahema matatu. Itanunua moja, nalo litapaswa kuyamudu yote hayo.

Tuanze na maji. Wataalamu hupima kitambaa cha hema kwa kukibana chini ya bomba lililosimama wima, kisha wakalijaza maji kidogo kidogo. Wanatazama maji yakifika kimo gani ndipo matone yanaanza kupenya. Kimo hicho huandikwa kwa milimita, na hema lililotengenezwa kwa uangalifu hutaja namba hiyo kwenye boksi au kwenye lebo iliyoshonwa ndani. Milimita 1,500 huhesabiwa kuwa kiwango cha chini cha kuitwa hema la mvua. Kwa mvua za Rungwe mimi ningetafuta 3,000 kwa kitambaa cha juu, na sakafu ningependa ifike 5,000. Sakafu inahitaji zaidi kwa sababu mtu mzima akipiga goti juu ya ardhi iliyolowa, uzito wake wote unayasukuma maji yapande. Boksi lisilotaja namba yoyote, bali linasifu tu, mimi ningelirudisha mahali pake.

Hata hivyo, namba peke yake haitoshi, maana kitambaa kinaweza kuwa kizuri kabisa na hema likavuja. Hapo ndipo inapokuja habari ya mishono. Sindano ya cherehani hutoboa maelfu ya vitundu katika hema moja. Kiwanda kizuri huifunika mishono hiyo kwa ndani kwa utepe mwembamba unaong'aa, uliobandikwa kwa joto. Mwambie muuzaji alifungue hema. Ligeuze ndani nje, fuata mshono kwa kidole tangu pembe hadi pembe. Ukiona utepe, na umeshika bila kubanduka, endelea na mazungumzo ya bei. Ukiona uzi mtupu, ujue unanunua chujio. Muuzaji atakayekataa boksi lisifunguliwe amekupa jibu lake.

Kisha tazama kitambaa cha juu, kile kinachovikwa juu ya hema kama koti la mvua. Mahema mengi ya bei ndogo yana kijikoti kinachofunika utosi tu, mfano wa barakashia juu ya kichwa cha mtu mrefu: kichwa kimesalimika, mabega yamelowa. Mvua ya kwetu haianguki wima kama maji ya bombani. Huja na upepo, inapiga ubavuni. Koti linatakiwa literemke hadi karibu na ardhi pande zote, na lisigusane na ukuta wa ndani. Vikigusana, maji hupita. Nayo sakafu iwe kama beseni, yaani kitambaa chake kipande ukutani kiasi cha kiganja kimoja kabla ya kukutana na mshono. Sakafu iliyoshonewa pembeni chini kabisa huingiza maji usiku wa kwanza.

Wengi hurudi safarini wakilalamika kwamba hema limevuja, kumbe halikuvuja. Watu 4 waliolala ndani hutoa kwa pumzi na jasho zaidi ya lita 1 ya maji kwa usiku mmoja. Mvuke huo hugusa kitambaa kilichopoa, nao hugeuka matone, hasa Kitulo. Kwa sababu hiyo hema jema la nyanda za juu ni lile linalozuia mvua na wakati huohuo linaruhusu pumzi kutoka. Linataka tabaka mbili, wavu juu ya hema la ndani, na matundu mawili, moja chini na moja juu, yanayoweza kubaki wazi hata mvua ikinyesha. Wavu huohuo ndio utakaokuokoa na mbu wa Matema na joto la Ruaha. Hema la tabaka moja, lililozibwa kila upande, litakulowesha kwa maji yako mwenyewe.

Ndugu msikilizaji, hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu matundu hayo si suala la kulowana tu. Baridi ya Makete na Kitulo inapobana, mtu anayafunga matundu yote, anavuta zipu hadi mwisho, kisha anaingiza jiko la mkaa ili watoto wapate joto. Wengine huona wamekuwa waangalifu: wanasubiri kwanza mkaa uive nje, moshi uishe, ndipo waingize jiko. Kosa liko hapohapo. Anayeua si moshi. Mkaa mwekundu usio na moshi hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Katika damu hushika nafasi ya oksijeni, na hushikamana nayo kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Aliye macho huumwa kichwa, hulegea, huona kichefuchefu. Aliyelala haamki. Mtoto ndiye wa kwanza kuzidiwa.

Hema halina dari ndefu wala madirisha ya nyumba; hewa yake ni kidogo. Turubai la pamba likilowa, nyuzi zake huvimba na kuziba, na hewa inazidi kuwa haba. Hata jiko lililoachwa kwenye ukumbi mdogo wa mbele, pale penye viatu, si salama, kwa maana gesi huingia. Hakuna hema hata moja, la bei yoyote, linaloruhusu jiko la mkaa ndani yake. Mpikie watoto nje, kisha jiko libaki nje.

Baridi inazuiwa kwa njia nyingine. Ardhi hunyonya joto la mwili kuliko hewa, kwa hiyo blanketi moja chini ya mtoto lina faida kuliko mawili juu yake. Tandika godoro jembamba la sponji, au mikeka miwili na blanketi. Mvishe soksi kavu na kofia. Maji ya moto katika chupa iliyofungwa vizuri na kuviringishiwa taulo hukaa na joto sehemu kubwa ya usiku. Mama zetu wa Makete wanayajua haya bila kufundishwa na mtu.

Fito zipo za aina mbili. Zile za nyuzi za kioo ni rahisi kwa bei, lakini hupasuka kwa urefu, na vibanzi vyake huingia vidoleni. Za aluminiamu hupinda kabla ya kuvunjika, na iliyopinda hunyooshwa. Kwa upepo wa nyanda za juu ningeongeza fedha nipate aluminiamu, na ningechagua hema la mviringo, lisilo refu sana, kuliko lile lenye kuta zilizosimama kama kibanda cha tikiti. Na vile vigingi vyembamba kama spoku za baiskeli vinavyokuja ndani ya boksi, waachie watoto wachezee. Fundi wa kuchomelea atakukatia nondo ya milimita 8 vipande vya sentimeta 30, akavipinda kichwa, na hema lako halitaondoka na upepo.

Kuhusu ukubwa, kiwanda kinaposema watu 4 kina maana ya watu 4 waliolazwa bega kwa bega kama dagaa, kila mmoja sentimeta 60 hivi, bila begi wala kiatu. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, ambalo limetumia mahema huko Kigoma katika kambi kama Nyarugusu na Nduta, lina hema lake la familia ya watu 5. Chumba chake cha ndani kina meta za mraba 16, bila kuhesabu kumbi mbili za mbele na nyuma. Hilo ni hema la kuishi, si la mapumziko ya siku mbili, lakini linatupa kipimo. Kwa safari, baba, mama na watoto wawili watafute hema lililoandikwa watu 6.

Hema lile la wakimbizi hushonwa kwa mchanganyiko wa pamba na poliesta, nalo hutarajiwa lidumu angalau mwaka 1 likisimama juani na mvuani bila kushushwa. Turubai la aina hiyo ni imara, linapumua, na mafundi wanaoshona maturubai ya malori huweza kulitia kiraka. Ubaya wake ni uzito: halibebeki bila gari, na likikunjwa bichi huota ukungu. Mwenye gari na anayekwenda Ruaha mara kwa mara, mimi ningemshauri turubai. Anayepanda basi achukue poliesta. Nailoni ni nyepesi zaidi, lakini ikilowa hulegea, na jua huila haraka.

Mahema ya mitumba nayo yapo, na mengine yalitengenezwa vizuri kuliko mapya ya dukani. Lakini nusa kwanza. Rangi ya plastiki iliyopakwa kwa ndani ikizeeka huwa na harufu mbaya ya uchachu, hunata vidoleni, hubanduka kama ngozi iliyoungua. Hema hilo limekwisha, hata likipunguzwa hadi bei ya chandarua.

Ukishanunua, usiende nalo Kitulo moja kwa moja. Lisimamishe uani wiki moja kabla, funga kamba zote, kisha limwagilie kwa mpira wa maji au kopo la bustani kwa nusu saa, ukilenga ubavuni na pembeni. Ingia ndani na tochi. Mahali penye unyevu pawekee alama ya chaki, na likikauka pakaa gundi ya mishono. Kwa turubai la pamba, nta ya nyuki iliyosuguliwa juu ya uzi inafaa, na nta si kitu adimu Iringa.

Safari ikiisha, hata kama mlilikunja kavu, litandazeni tena nyumbani kivulini siku nzima. Mfagie mchanga, mfute zipu. Msilikunje kwa mistari ileile kila mara, maana hukatikia hapo. Na msilihifadhi darini chini ya bati, kwa sababu joto la mchana ndilo linalobandua ule utepe wa mishono. Liwekeni ndani ya mfuko wa kitambaa, chini ya kitanda au kabatini.