Bahasha ya Sandukuni: Kumbukumbu ya Askari wa Kiwanjani

Mwezi wa Shaabani uliopita, usiku wa kuamkia Ijumaa, baba yetu mzazi alirejea kwa Mola wake, nyumbani kwake Kiwanjani, mjini Isiolo. Alisaliwa baada ya Sala ya Ijumaa akazikwa jioni ile ile. Hapakupigwa tarumbeta wala risasi za heshima, kwani mwenyewe alikwisha kutuusia asifanyiwe. Wanajeshi wastaafu waliohudhuria walisimama nyuma ya imamu bega kwa bega, kisigino kwa kisigino. Mmoja alisema, "Leo hatuna wa kutunyoosha safu." Hiyo ndiyo kazi aliyojipa marehemu msikitini kwa zaidi ya miaka ishirini.

Baba alikuwa mwana wa Kwale. Aliingia jeshini mwaka 1971, akaletwa Isiolo kwenye chuo cha askari wa miguu, na huko ndiko alikopata jiko. Isiolo ni mji wa askari tangu asili. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwapa makazi hapo Wasomali waliotumikia jeshi la King's African Rifles, na vizazi vyao wapo hadi leo. Mama yetu ni mmoja wa vizazi hivyo. Alipoposwa na askari, bibi yake alimwambia kwamba mume wa jeshi ni mgeni katika nyumba yake mwenyewe, basi atazame dini yake kabla ya mshahara wake. Mama alitazama, akaridhika.

Mwaka 1989 Baba alikwenda Namibia pamoja na kikosi cha Kenya kilichotumwa na Umoja wa Mataifa kusimamia amani, hadi nchi ile ikapata uhuru Machi 1990. Miaka miwili baadaye akapelekwa iliyokuwa Yugoslavia, katika eneo la Krajina nchini Kroatia. Ramadhani ya mwaka 1993 ilimkuta huko kwenye theluji. Katika barua zake alieleza kuwa mchana ulikuwa mfupi kuliko wa kwetu, lakini maji ya udhu yaliganda ndooni. Kila barua ilianza kwa salamu, kisha kwa swali moja lisilobadilika: "Watoto wamefika sura gani?"

Alipokuwa likizoni alitusomesha mwenyewe, wasichana kwa wavulana. Alipenda kutukumbusha aya ya 102 ya Suratun-Nisaa, inayofundisha namna ya kusali mbele ya adui, kundi moja likisujudu na jingine likilinda. Alikuwa akisema kwamba ikiwa Mwenyezi Mungu hakumwondolea sala askari aliye vitani, sisi tulioketi mbele ya televisheni tutatoa udhuru gani? Jumapili jioni alipanga viatu vyetu vya shule mstari mmoja, akavipiga rangi kama mabuti yake. Mama alipoanza biashara ya maziwa ya ngamia, Baba, akiwa amekwisha kustaafu, ndiye aliyeosha madumu alfajiri. Majirani walicheka. Naye akawajibu kuwa Mtume (s.a.w.) alishona viatu vyake kwa mkono wake na kuwahudumia watu wa nyumbani kwake.

Siku ya tatu baada ya mazishi tulifungua sanduku lake la bati. Humo mlikuwa na barua, nishani, daftari na bahasha moja. Juu ya bahasha aliandika namba ya jeshi, cheo na jina la mtu, kisha maneno haya: "Amana. Si yangu wala si yenu." Ndani mlikuwa na shilingi 8,000.

Daftari lilitueleza yaliyobaki. Mwaka 1996 mwenzake mmoja, mwenyeji wa Mto Tana, alimwachia fedha hizo amhifadhie, akaenda likizo, akaugua na kufa kwao. Baba aliandika barua mbili zisijibiwe. Alisafiri mwenyewe baada ya mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, akaambiwa ukoo ule umehama. Septemba 2019, noti za zamani za shilingi elfu zilipokuwa zinafutwa, alizipeleka benki akabadilisha, akaandika tarehe, akazirudisha katika bahasha ile ile.

Kaka yangu mkubwa alishauri tuitoe sadaka kwa niaba ya mwenyewe. "Elfu nane siku hizi si kitu," alisema, "na nauli ya kumtafuta itapita hapo." Mama, aliyekuwa ndani ya eda, alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, sadaka ni ya asiyepatikana. Wewe umemtafuta wapi? Urithi hautagawanywa hapa wakati mali ya watu imo ndani."

Katika mwezi wa Shawwal tulisafiri, kaka na mimi, kupitia Modogashe na Garissa hadi Garsen. Tuliulizia msikitini. Siku ya pili tukapelekwa kwa mama mmoja wa makamo, binti wa yule askari. Alizipokea fedha, akasema atazigawa na ndugu zake kama ilivyo haki. Lakini jicho lake lilikuwa kwenye bahasha. Aliisoma namba ya baba yake, akaisoma tena, akauliza kwa sauti ndogo, "Hii naweza kubaki nayo?" Mafuriko yalichukua kila karatasi ya nyumba yao. Kaka yangu ndiye aliyemjibu, huku machozi yakimtoka, kwamba bahasha nayo ni sehemu ya amana.

Wazazi wenzangu, deni na wasia hutangulia mirathi. Hilo ni agizo la Qur'ani katika Suratun-Nisaa. Lakini warithi watalipaje wasilolijua? Baba aliandika. Basi nasi tuandike, mume na mke, tunachodai, tunachodaiwa na tulichowekewa, na watoto wajue daftari liko wapi.

Ewe Mola, msamehe mja wako huyu, mpanulie kaburi lake, na umpe mama yetu subira njema. Amin.