Kabla ya Kuchimba Msingi au Kuongeza Ghorofa: Namna ya Kupata Kibali cha Ujenzi Mombasa

Mawe yameshushwa mbele ya nyumba, fundi ameshalipwa malipo ya kwanza, na familia inahesabu miezi ya kuhamia. Kisha afisa wa ukaguzi anapita na kuuliza kibali. Hakuna. Kazi inasimama, saruji inagandia mifukoni, na fundi anaondoka kutafuta kazi kwingine.

Hali hii huwakuta hata wakaazi ambao hawakukusudia kuvunja sheria. Wengine hudhani kibali ni cha wenye magorofa makubwa. Wengine hudhani kinaweza kufuatwa baadaye, nyumba ikishainuka. Yote mawili si kweli. Kibali hutangulia jiwe la kwanza, na kinahitajika hata kama unachojenga ni chumba kimoja cha ziada uani.

Sheria inasemaje?

Katiba ya 2010 iliipa serikali ya kaunti jukumu la mipango ya miji na makazi. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema kwamba mtu yeyote haruhusiwi kuendeleza ardhi ndani ya kaunti bila idhini ya kaunti hiyo. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi miwili, au adhabu zote mbili. Aidha, anaweza kuamriwa arudishe ardhi ilivyokuwa awali katika muda wa siku 90. Maana yake ni kubomoa kwa gharama yake mwenyewe.

Kazi gani zinahitaji kibali?

Nyumba mpya, kuongeza ghorofa au vyumba, kubomoa au kuhamisha kuta, na kugeuza nyumba ya kuishi kuwa duka, ofisi au hosteli, zote zinahitaji idhini. Ukarabati mdogo kama kupaka rangi ndani au kubadilisha bomba la maji hauna uzito huo. Lakini ukiona kazi yako inagusa ukuta, nguzo, paa au mpaka wa ploti, uliza katika ofisi ya mipango kwanza. Kuuliza hakulipiwi.

Jihadhari zaidi na kuongeza ghorofa. Msingi uliochimbwa kubeba nyumba ya chini pekee haukukadiriwa kubeba uzito wa pili na wa tatu. Ni mhandisi anayeweza kukuambia kama nguzo na nondo zilizopo zinatosha. Tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa sita lilianguka mtaani Huruma, Nairobi, usiku wa mvua kubwa, na zaidi ya watu 40 wakafariki. Wengi wao walikuwa wapangaji, watu wasiojua lolote kuhusu namna lilivyojengwa. Ukaguzi wa ramani upo kwa ajili ya watu kama hao.

Hatua za kufuata

Kwanza, hakikisha hali ya ardhi. Utahitaji hatimiliki au stakabadhi nyingine ya umiliki, ithibati ya utafutaji wa rekodi kutoka kwa msajili wa ardhi, na risiti zinazoonyesha kwamba kodi ya ardhi imelipwa. Wakaazi wengi wa Mombasa wanamiliki nyumba zilizo juu ya ardhi ya mtu mwingine. Ukiwa miongoni mwao, anza na mwenye ardhi. Makubaliano ya mdomo hayatoshi. Pata idhini yake kwa maandishi kabla ya kutumia pesa kwa ramani.

Pili, tafuta wataalamu waliosajiliwa. Ramani ya nyumba huchorwa na msanifu majengo aliyesajiliwa, na michoro ya msingi, nguzo na sakafu za juu hufanywa na mhandisi aliyesajiliwa. Mwombe namba yake ya usajili na uithibitishe kwa bodi yake. Ramani iliyonakiliwa kutoka nyumba ya jirani haifai, kwa sababu udongo, ukubwa wa ploti na mpaka wa barabara si sawa.

Tatu, wasilisha maombi. Ada hutozwa kwa mujibu wa Sheria ya Fedha ya kaunti na hutegemea ukubwa wa jengo na matumizi yake. Lipa kupitia njia rasmi za kaunti pekee na uhifadhi risiti. Usimpe mtu pesa mkononi, hata akijitambulisha kuwa afisa.

Nne, subiri uamuzi. Maombi hupitia kwa maafisa wa idara mbalimbali: wapangaji miji huangalia matumizi ya ardhi na mipaka, wahandisi uimara wa jengo, afya ya umma maji taka na hewa, na wengineo barabara na usalama wa moto. Ukiambiwa urekebishe jambo, rekebisha na urudishe. Hilo si kukataliwa.

Tano, sajili mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Kibali cha kaunti pekee hakitoshi kuanza kazi. Mwanakandarasi wako naye anapaswa kuwa amesajiliwa na mamlaka hiyo, na bango la mradi liwekwe mahali pa kazi. Kwa baadhi ya miradi, idhini ya mamlaka ya mazingira, NEMA, pia inahitajika.

Sita, ita wakaguzi kila hatua. Msingi ukaguliwe kabla ya zege kumwagwa, na nondo kabla hazijafunikwa. Kilichofunikwa hakiwezi kukaguliwa tena bila kuvunjwa. Nyumba ikikamilika, omba cheti cha kuruhusu watu kuishi ndani yake kabla ya kuingiza familia au wapangaji.

Wakaazi wa Mji wa Kale

Mji wa Kale ni eneo la urithi linalolindwa. Kubadilisha mlango wa nakshi, roshani au ukuta wa mawe ya matumbawe si suala la mwenye nyumba na fundi wake tu. Pamoja na kibali cha kaunti, wasiliana na ofisi ya uhifadhi ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya kabla ya kugusa chochote. Mara nyingi utapata pia ushauri wa namna ya kukarabati kuta hizo kwa chokaa, maana saruji hufungia unyevu ndani ya mawe ya zamani.

Haki zako

Sheria hii haimbani mwananchi peke yake. Kaunti inapaswa kukujibu kwa maandishi. Siku 60 zikipita bila jibu, sheria inahesabu kwamba idhini imetolewa. Kwa sababu hiyo, tunza risiti na ushahidi wa tarehe uliyowasilisha maombi, na uandikie ofisi ya mipango kuulizia kabla ya kuanza kazi.

Maombi yakikataliwa, una haki ya kuelezwa sababu. Usiporidhika, unaweza kukata rufaa katika muda wa siku 14 mbele ya Kamati ya Uhusiano ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya kaunti, na baada ya hapo katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Ikiwa tayari umeanza kujenga bila kibali, simamisha kazi leo na ufike katika ofisi ya mipango ukiwa na mhandisi. Ni rahisi kurekebisha nyumba iliyofika kimo cha dirisha kuliko ile iliyokwisha kuezekwa. Vilevile, ukiona jengo lenye nyufa kubwa au nguzo zilizopinda mtaani kwako, toa taarifa kwa ofisi ya msimamizi wa wadi. Huenda wanaolala ndani yake hawana habari.