Bastola Ndogo Si Bastola Rahisi

"Ndogo kuliko zote ni ipi?" Swali hili huulizwa na karibu kila mtu ambaye ombi lake la kumiliki silaha limetoka kukubaliwa hapa Kampala. Anauliza kabla hajafikiria ala, kabla hajajua silaha italala wapi usiku, na kabla hajagusa triga hata mara moja. Mwenye duka la mabati Ndeeba anauliza, wakili mwenye ofisi katikati ya jiji anauliza, na mfugaji wa Nakaseke anayekuja mjini na fedha za ng'ombe anauliza. Wote wanataka kitu cha kutumbukiza mfukoni kama simu na kukisahau humo hadi siku ya mkosi.

Sitapoteza nafasi kueleza namna ya kuomba kibali. Aliyefikia swali hili keshapita kwa mwenyekiti wa kijiji (LC1), keshahojiwa na watu wa usalama wa wilaya, na faili lake limefika makao makuu ya polisi Naguru. Njia hiyo anaijua vizuri. Bastola ndiyo asiyoijua, na kila akiulizia rafiki au muuzaji anajibiwa uongo uleule: kwamba bastola ikiwa ndogo ni nyepesi, ikiwa nyepesi ni rahisi, na kwa hiyo inamfaa anayeanza, na mwanamke zaidi. Katika maneno yote hayo, la kweli ni moja tu, kwamba ni nyepesi.

Tuanze na huo wepesi. Risasi ya kawaida ya milimita 9 ina uzito wa gramu 8 hivi na hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 350 hivi kwa sekunde. Kinachoisukuma mbele kinaisukuma bastola nyuma, na kinachopunguza makali ya msukumo huo kabla haujafika kiganjani ni uzito wa bastola yenyewe. Glock 19 na magazini yake tupu ina gramu 670. SIG Sauer P365, inayopendwa sana na wanaotaka udogo, ina gramu 500 hivi. Kwa risasi ileile, ukipunguza uzito wa silaha kwa theluthi moja, nishati ya pigo unalolipokea inaongezeka kwa nusu. Hii ni fizikia ya sekondari, na haijali kama aliyeshika ni mwanamume au mwanamke.

Sasa ongeza mpini mfupi. Kwenye bastola ndogo kabisa kidole cha mwisho hakina pa kushika, kinaning'inia hewani, na bastola inaruka juu kila inapolia. Kipindi cha kuirudisha kwenye shabaha kinarefuka. Mshiko ukilegea, slaidi, yaani chuma cha juu kinachorudi nyuma kutupa ganda na kuingiza risasi nyingine, hairudi hadi mwisho, ganda linanasa, na mtu anabaki ameshika chuma kisicholia. Bastola nyepesi ndizo zinazoadhibu mshiko legevu kuliko nyingine zote, na mshiko legevu ndio alama ya anayeanza. Ndiyo sababu nakereka ninaposikia zikiitwa za wanaoanza.

Halafu springi. Slaidi ndogo ni nyepesi, na ili isirudi kwa kishindo cha kuvunja silaha, hufungwa springi kali. Mwenye vidole dhaifu anashindwa kuivuta ili kukoki. Nimewaona akina mama wakihangaika na vibastola walivyonunuliwa na waume zao, kisha wakakoki bastola ya ukubwa wa kati bila shida na kupiga risasi zao mahali pamoja. Mabwana, acheni kuwachagulia wake zenu kwa kutazama ukubwa wa kiganja. Na mkumbuke kwamba kibali ni cha mtu na silaha yake, si cha nyumba. Bastola iliyoandikwa kwa jina la Baba Nakato haiingii kwenye mkoba wa Mama Nakato kwa sababu tu leo anachelewa kurudi.

Tuje kwenye kulenga. Unalenga kwa kulinganisha kinundu cha mbele na pengo la nyuma juu ya bastola. Umbali kati ya viwili hivyo ukiwa milimita 150, kosa la milimita 1 linaipeleka risasi sentimita 10 pembeni kwenye umbali wa mita 15. Umbali huo ukiwa milimita 100, kosa lilelile linakuwa sentimita 15. Mkono unaotetemeka kwa hofu haukosei milimita 1. Unakosea zaidi.

Hapo mtu hunijibu: basi nitachukua yenye risasi ndogo. Anataja Ruger LCP ya gramu 272, au Walther PPK ya mwaka 1931 ambayo ameiona kwenye filamu za James Bond, zote za risasi fupi ya milimita 9. Nishati ya risasi hiyo ni kama nusu ya ile ya kawaida, na watu wanadhani pigo mkononi nalo litakuwa nusu. Haliwi. LCP ni nyepesi mno kiasi kwamba faida yote ya risasi ndogo inamezwa. PPK haina kufuli la kuunganisha mtutu na slaidi wakati wa mlipuko; inategemea uzito wa slaidi na ukali wa springi tu, kwa hiyo inapiga mkono kwa ukali usiotarajiwa kwa risasi hiyo, na kuikoki kunahitaji nguvu. Rivolva fupi ya risasi 5 nayo husifiwa kwamba haina mambo mengi. Ni kweli haina, lakini zile zisizo na nyundo ya nje, ambazo ndizo hufichwa mfukoni, zina triga inayotaka mvuto wa zaidi ya kilo 5, na kwa mkono usiozoea mvuto huo unauhamisha mtutu kabla risasi haijatoka. Bastola hizi zote zina watu wake. Watu hao ni wapigaji wazoefu wanaozibeba wakijua wanachokikosa.

Na udogo huo tunautafuta ili kumficha nani? Tangu mabomu ya tarehe 11 Julai 2010 pale Kyadondo Rugby Club na Ethiopian Village, huwezi kuingia kwenye jengo la maana Kampala bila kupekuliwa. Benki wana askari na kifaa cha kupima chuma, hoteli vilevile, maduka makubwa vilevile, makanisa makubwa vilevile. Kifaa hicho hakijali kama chuma ni gramu 272 au 670. Kwa hiyo anayebeba kila siku hapa kwetu atalazimika kuivua au kuiacha mara kadhaa kati ya asubuhi na jioni, na ajali hutokea katika huko kuvua, kutoa risasi, kurudisha risasi na kuchomeka tena kiunoni ndani ya gari huku mwenye gari la nyuma akipiga honi. Watu wananiuliza milimita za urefu wa mtutu wakati hawana hata kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa bolti ndani ya gari. Bastola iliyoachwa chini ya kiti ni zawadi kwa mwizi wa vioo vya magari, na mwizi huyo ataitumia usiku huohuo.

Nyuma ya swali la udogo kuna hofu, nami siidharau hofu hiyo. Watu wa Kampala wameona mengi. Asubuhi ya tarehe 17 Machi 2017, Andrew Felix Kaweesi, msemaji wa polisi, alipigwa risasi karibu na nyumbani kwake Kulambiro na watu waliokuja kwa pikipiki. Mlinzi wake, askari mwenye bunduki, alikufa naye, na dereva pia. Tarehe 1 Juni 2021 pale Kisaasi, gari la Jenerali Katumba Wamala, aliyewahi kuwa Mkuu wa Majeshi, lilimiminiwa risasi na watu wa pikipiki. Yeye alijeruhiwa mabegani na kupona; binti yake na dereva wake walikufa. Hawa walikuwa na mafunzo ya maisha yao yote na walinzi wenye silaha ndefu. Anayeniambia kwamba kibastola cha risasi 6 chini ya shati, huku amefunga mkanda wa gari kwenye foleni ya Northern Bypass, kingebadilisha matokeo ya shambulio la namna ile, ananiambia jambo ambalo hajawahi kulijaribu hata na bastola tupu. Jaribu leo nyumbani, bila risasi hata moja chumbani: kaa kwenye kiti, funga mkanda, vaa koti, kisha mwambie mtu akupimie muda.

Dennis Tueller, polisi wa Salt Lake City nchini Marekani, aliandika mwaka 1983 kwamba mtu mwenye kisu hukimbia mita 6 na kitu kwa sekunde moja na nusu hivi, muda ambao askari aliyefunzwa anauhitaji kuchomoa na kupiga. Huyo ni askari aliyesimama, bastola i nje ya nguo. Na kuchomoa si kupata. Taasisi ya RAND ilipochunguza polisi wa New York kwa miaka ya 1998 hadi 2006, ilikuta kwamba waliporushiana risasi na watu, asilimia 18 tu ya risasi zao zilipata shabaha, tena kwa bastola zilizo kubwa kuliko hizi mnazoniulizia. Risasi nyingine zilienda mahali pengine. Kampala "mahali pengine" ni abiria wa teksi, ni muuza ndizi, ni mtoto wa shule aliyepakiwa kwenye boda. Risasi ya milimita 9 iliyokosa inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ndilo linaloniumiza. Tarehe 12 Novemba 2016 pale Lugogo mtu mmoja, mfanyakazi wa haki za watoto, alipigwa risasi katika ugomvi uliosemwa kuwa ulianzia kwenye gari kuparuzwa. Alikufa siku iliyofuata. Mfanyabiashara aliyeshtakiwa alikiri mwaka 2020 kosa la kuua bila kukusudia, akafungwa miaka 5 na mwezi 1. Kila mwanafunzi wangu namsimulia kesi hii kabla sijamruhusu kugusa magazini, maana hatari ya pikipiki ya kuvizia ni ya nadra, lakini gari kuparuzwa ni jambo la kila siku katika jiji hili. Ukijijua una hasira za barabarani, au unakunywa jioni, rudisha ombi lako. Ajiri mlinzi wa kampuni, weka taa na kamera getini, badilisha njia na saa za kupeleka fedha benki, lipa kwa simu. Kwa wengi wanaonijia, hilo ndilo jibu sahihi, nao huliona la bei rahisi mno kulikubali.

Waliobaki, haya upesi. Beba bastola kubwa kadiri nguo zako zinavyoweza kuificha. Kwa watu wengi hiyo ni Glock 19 ya mwaka 1988, risasi 15, au CZ P-10 C, ambayo ni ya ukubwa huohuo na triga yake naipenda zaidi. Mwembamba wa mwili anayevaa shati jepesi achukue Glock 43X, risasi 10, yenye mpini mrefu wa kutosha vidole vyote na unene mdogo. Unene ndio unaoonekana chini ya nguo kuliko urefu. P365 na Glock 43 ziwe za mtu ambaye keshapiga risasi nyingi kwa bastola ya kati. Anayeogopa bastola isiyo na sefti ya kidole gumba aitafute yenye nayo, aizoee kila siku. Chukua milimita 9 ya kawaida. Hiyo ndiyo risasi utakayoipata kwa mazoezi. Usinunue kabla hujapiga magazini kadhaa kwa bastola ya aina hiyo uwanjani.

Ala iwe ya plastiki ngumu inayofunika triga yote, juu ya mkanda mgumu wa suruali. Hakuna mfukoni bila ala, hakuna kiunoni bila ala, na kwenye mkoba wa mkononi hakuna kabisa, pawe na funguo na kalamu au pasiwe. Getini pa benki ivue pamoja na ala yake bila kutoa risasi, ifungie kwenye kisanduku cha gari, kisha ingia. Nyumbani iwe kwenye sefu iliyofungwa ukutani, ufunguo uwe kwako, si juu ya kabati. Jasho la Kampala linakula chuma: futa na kupaka mafuta kila wiki, badilisha risasi unazobeba kila mwaka, zile za zamani zitumie kwa mazoezi. Nenda uwanja wa shabaha kila mwezi; asiyeweza kulipia risasi za mwezi hana uwezo wa kubeba bastola. Mwisho wa kibali usikukute safarini.

Na usiruhusu fundi wa uchochoroni akubadilishie mtutu au pini. Tangu Rais Museveni alipoagiza mwaka 2018, baada ya kuuawa kwa mbunge Ibrahim Abiriga, kwamba kila bunduki ichukuliwe alama zake, mikwaruzo ambayo mtutu wako unaiacha kwenye risasi na pini yako inaiacha kwenye ganda ndiyo inayoitambulisha silaha yako. Ukibadilisha kipande kimojawapo, kumbukumbu haikutambui tena. Kikiharibika, peleka taarifa Naguru kwanza, kibadilishwe kwa maandishi, silaha ipimwe upya, ndipo uivae.