Skrini ya projekta nyumbani: tupime chumba kabla ya mkoba

Familia zinapojaaliwa kununua projekta, mara nyingi fikra zote huelekezwa kwenye mashine, na skrini huachwa iwe jambo la mwisho. Sisi nasi tulifanya hivyo. Tulitundika shuka nyeupe, tukawakusanya watoto kutazama filamu ya wanyama wa mbugani. Usiku wa mbugani ukaonekana kijivu, na simba wasijulikane na vichaka.

Asili ya tatizo ni hii: projekta hurusha mwanga, haiwezi kurusha weusi. Penye giza katika picha, tunachokiona ni skrini yenyewe ikimulikwa na mwanga uliomo chumbani. Jaribio lake ni jepesi. Zimeni projekta, acheni taa na madirisha kama mnavyoyaacha siku zote, kisha itazameni skrini. Rangi mtakayoiona ndiyo weusi wenu. Picha haitakuwa nyeusi kuliko hapo.

Kitambaa cheupe kisichong'aa, ambacho kiwango chake cha kuakisi ni 1.0, hutawanya mwanga pande zote, nacho hufaa chumba chenye giza. Cha kijivu, chenye kiwango cha 0.8 hivi, hufifisha mwanga unaorudi kutoka kwenye kuta na dari nyeupe, weusi ukakolea. Lakini weupe nao hupungua kwa moja ya tano, hivyo hakiifai projekta dhaifu. Kipo na kitambaa kilichoundwa kuurudisha mwanga wa projekta kwa watazamaji na kuupotosha ule wa taa za juu. Bei yake ni kubwa, na aliyekaa pembeni sana huona picha hafifu.

Hicho cha mwisho tulikiazima kwa jamaa. Waliokaa katikati walikisifu. Bibi, ambaye mahali pake ni mkekani karibu na mlango, aliuliza kwa nini picha imefifia.

Tukakirudisha. Tulinunua mapazia mazito ya rangi ya giza, tukapaka rangi iliyokoza ukuta unaoizunguka skrini, tukatundika kitambaa cheupe cha kawaida chenye mgongo mweusi usiopitisha mwanga. Gharama yote haikufikia nusu ya bei ya kile cha kuazima. Simba sasa wanaonekana, na bibi hakuhamishwa mkekani pake.