Anayekamua Ndiye Anayeona

Wengi wetu hapa Kivu tumelipa veterineri apandishe ng'ombe kwa mrija, na baada ya wiki tatu ng'ombe akarudia joto. Tukalaumu mbegu. Mara nyingi kosa si la mbegu, ni la saa.

Ng'ombe asiye na mimba huingia joto kila siku 21 hivi, na joto hilo hudumu kama saa 12 hadi 18 tu. Alama kubwa ni moja: anasimama tuli wenzake wakimpanda. Tena analialia, maziwa yanapunguka, na ute mwangavu kama wa yai unamtoka nyuma. Ukimwona asubuhi, apandishwe jioni. Ukimwona jioni, apandishwe kesho yake asubuhi. Aliyezaa aachwe apumzike kama siku 60, na aliyekonda alishwe kwanza.

Alama hizo tunaziona sisi tunaokamua. Lakini katika nyumba nyingi tunangoja baba arudi ndipo veterineri aitwe, na joto linakwisha. Mimba yenyewe ni miezi tisa. Kila joto likipotea, ndama anachelewa wiki tatu, maziwa yanachelewa, na pesa ya masomo ya watoto pia.

Basi wiki hii tuzungumze na wababa wetu: anayekamua aruhusiwe kumwita veterineri mwenyewe. Nasi tuandike tarehe ya joto kwenye kalenda, tuhesabu siku 21, na siku hiyo tuamke mapema kuangalia.