ARDHI ISIYO ARDHI: ISTILAHI ZA HITILAFU YA UMEME KATIKA USUKANI WA GARI

Makala hii inakusudia kuchunguza kundi dogo la istilahi za ufundi wa magari ambazo bado hazijatulia, nazo ni zile zihusuzo njia ambayo umeme huipitia kurudi kwenye betri. Tumezichagua kwa sababu utata wake huweza kumfanya fundi abadilishe kifaa kizima na kukiacha kilicho kibovu.

Mfano wetu ni gari la mizigo lifanyalo safari kati ya Karatu na Ngorongoro. Karatu kuna vumbi jekundu. Baada ya lango la Lodoare, barabara hupanda kwa kona nyingi ndani ya msitu hadi ukingo wa kreta, ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, penye ukungu na manyunyu. Mtikisiko hulegeza nati, na unyevu huingiza kutu mahali nyaya zinapofungwa. Usukani ukiwa mzito ghafla katika kona ya mteremko, dereva mwenye shehena hapati nafasi ya kujaribu mara ya pili.

Aina mbili za usukani

Katika malori mengi, usukani husaidiwa na pampu ya mafuta inayozungushwa na injini. Msaada huo hautegemei umeme. Ukipungua, huchunguzwa mafuta, mkanda na pampu yenyewe. Katika aina ya pili, ipatikanayo katika baadhi ya magari mepesi ya mizigo ya miaka ya karibuni, mota ya umeme huzungusha pampu au husukuma usukani moja kwa moja. Hiyo ndiyo aina tunayoizungumzia hapa.

Utata wa neno

Mafundi husema "ethi". Vitabuni tumezoea "ardhi". Kwa umeme wa nyumbani neno ardhi ni sahihi, maana waya wake huishia kwenye chuma kilichofukiwa udongoni. Lakini gari husimama juu ya matairi ya mpira. Katika magari mengi ya leo, umeme hutoka ncha chanya ya betri, hufika kwenye mota, kisha hurudi ncha hasi kwa kupitia waya, bodi na chesisi. Hapana udongo unaohusika.

Aidha, kauli "ethi mbovu" hubeba hitilafu mbili zinazopingana. Ya kwanza ni umeme kushindwa kurudi vema. Ya pili ni waya wenye umeme kugusa bodi, hata umeme ukarudi kabla ya kufanya kazi. Hii ya pili kwa kawaida huunguza fyuzi. Ile ya kwanza huiacha fyuzi nzima. Fundi aliyeelewa ya pili atakuta fyuzi nzima, ataamini kwamba umeme hauna kosa, na huenda akaagiza mota mpya bure.

Namna ya kutambua

Tuchukue mota inayovuta ampia 60. Kiungo chenye kutu kikiwa na ukinzani wa omu 0.05 tu, volti 3 hupotea njiani. Katika gari la volti 12, hiyo ni robo nzima, nayo yatosha kukifanya kifaa kinachoongoza mota kiuzime msaada.

Kwa hiyo kipimo kifanywe injini ikiwaka na usukani ukizungushwa. Ncha moja ya mita ya volti iwekwe mwishoni mwa waya wa hasi wa mota, na nyingine kwenye ncha hasi ya betri. Usomaji usiozidi volti 0.2 huonyesha kwamba njia ni nzima. Ukizidi, ncha ya kwanza isogezwe hatua kwa hatua kuelekea betri. Mahali usomaji unaposhuka ghafla ndipo penye kasoro. Kupima omu peke yake hakutoshi, kwani waya uliobaki na uzi mmoja huweza kuonekana mzima ilhali hauwezi kubeba ampia 60. Baada ya hapo, betri hufunguliwa, kiungo husuguliwa hadi chuma kitupu, hukazwa na kupakwa grisi.

Istilahi tunazozipendekeza

Rejeo: njia ya umeme kurudi betrini katika gari.
Fundo la rejeo: mahali waya unapofungwa kwenye bodi au chesisi.
Rejeo hafifu: rejeo lenye ukinzani uliozidi.
Rejeo katiko: rejeo lisilopitisha umeme kabisa.
Shoti ya bodi: waya wenye umeme kugusa bodi.
Mshuko wa volti: volti zinazopotea njiani.

Neno "ardhi" libaki kwa umeme wa majumbani. "Shoti" tumeliacha kama lilivyo, kwa kuwa limekwisha kuota mizizi gereji na halina utata. "Rejeo" tumelipendelea kwa sababu ni fupi, huzaa istilahi nyingine kwa urahisi, na lenyewe humwelekeza fundi mahali pa kutazama. Hata hivyo, istilahi haisimami kwa hoja za mezani pekee. Tunawaomba mafundi na walimu wa vyuo vya ufundi wazijaribu kazini, watuambie zipi zinasemeka na zipi zinakwaza.